Sayari na Tatizo la Kuifasili

Sayari, kwa azimio lililopitishwa mjini Prague tarehe 24 Agosti 2006, ni gimba la angani lenye sifa tatu. Kwanza, linalizunguka Jua. Pili, lina tungamo kubwa kiasi cha uvutano wake wenyewe kulifinyanga likawa karibu na umbo la tufe. Tatu, limesafisha ujirani wa obiti yake. Gimba lenye sifa mbili za mwanzo lakini lisilo na ya tatu, na ambalo si mwezi wa gimba jingine, huitwa sayari kibete. Azimio hilo lilipigiwa kura na wanaastronomia mia nne na ushei katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, chombo chenye wanachama kwa maelfu, na siku hiyo Pluto, iliyohesabiwa kuwa sayari ya tisa kwa miaka 76, ikaondolewa katika orodha. Swali ambalo kura haikulijibu, wala haikuwa na uwezo wa kulijibu, ni la kifalsafa: je, waliokutana Prague waliutambua mpaka uliokuwepo tayari katika maumbile, au waliuchora wenyewe?

Historia ya orodha yenyewe haimsaidii sana anayedai kwamba mpaka huo ni wa kale na uko wazi. Wayunani wa kale walihesabu sayari saba, yaani magimba yote yaliyoonekana kwa macho yakihama kati ya nyota zilizotulia: Jua, Mwezi, Utaridi (ile iliyo jirani kabisa na Jua), Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Saba hizo ziliingia katika elimu ya falaki ya Waarabu, na kwa njia hiyo zikafika pwani ya Afrika Mashariki, ambako wapiga falaki wanazitumia hadi leo. Dunia haikuwemo, hapo ndipo mtazamaji aliposimama. Mwaka 1543 Copernicus alichapisha hoja zake kwamba Dunia inalizunguka Jua. Kwa hoja hizo Jua likatoka katika orodha, Dunia ikaingia, na Mwezi ukabaki bila cheo. Angani hakukubadilika kitu. Kilichobadilika ni sababu ya kuviweka vitu hivyo pamoja: mwendo anaouona mtazamaji uliachwa, na mahali pake ukachukuliwa mwendo wa kulizunguka Jua.

Hata hivyo, maana mpya haikushika mara moja. Miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, na Titan aliyoigundua Huygens mwaka 1655 ikiizunguka Zohali, iliitwa sayari na wengi kwa muda mrefu. William Herschel alipoiona Uranusi mwaka 1781 alidhani kwanza kuwa ni nyotamkia. Kisha ikaja Ceres, iliyogunduliwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo usiku wa tarehe 1 Januari 1801, ikifuatwa na Pallas, Juno na Vesta kufikia mwaka 1807. Zote nne ziliandikwa katika vitabu kuwa sayari, ingawa Herschel alikwisha kupendekeza mwaka 1802 ziitwe asteroidi, kwa sababu hata kwenye darubini zilionekana kama nukta tu. Kuanzia mwaka 1845 nyingine zikaanza kugunduliwa, moja baada ya nyingine, hata orodha ikafurika.

Kuhusu namna asteroidi zilivyopoteza hadhi yao kuna masimulizi mawili, na tofauti yao ina uzito kuliko inavyoonekana. Simulizi iliyozoeleka inasema ziliondolewa katikati ya karne ya 19 kwa sababu zilikuwa nyingi mno na zilikaa pamoja katika ukanda mmoja kati ya Mirihi na Mshtarii. Lakini Philip Metzger na wenzake walipopitia maandishi ya kisayansi ya karne mbili, walieleza katika makala ya mwaka 2019 kwamba wanasayansi waliendelea kuziita sayari hadi miaka ya 1950, na kwamba waliacha pale ilipodhihirika kuwa asteroidi ndogo zina umbile na historia tofauti na magimba makubwa. Ikiwa simulizi ya kwanza ni sahihi, sayari ilikwisha kufasiliwa kwa mahali ilipo na majirani ilio nao. Ikiwa ya pili ni sahihi, ilifasiliwa kwa kile ilicho ndani yake. Mgogoro mzima wa Pluto umo katika tofauti hiyo.

Falsafa imeshughulika na tofauti hiyo tangu zamani. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Phaedrus, Sokrates anamtaka mwenye kuainisha mambo afuate viungo vya maumbile, kama mchinjaji hodari anayepitisha kisu kwenye maungio badala ya kuvunja mifupa. Dai hilo linachukulia kwamba maungio yapo. John Locke, katika karne ya 17, alikuwa na shaka: aliona kwamba aina tunazozitaja kwa majina zimejengwa juu ya dhana tulizozikusanya akilini, wakati dhati halisi ya vitu imefichika kwetu. Katika miaka ya 1970 Saul Kripke na Hilary Putnam waliupindua mjadala. Kwao jina kama “dhahabu” lilikuwa na maana thabiti hata kabla mtu hajajua dhahabu ni nini, kwa sababu lilielekezwa kwenye kitu chenyewe. Kemia ilipogundua kwamba dhahabu ni elementi yenye namba atomia 79, ilifichua kile ambacho dhahabu ilikuwa siku zote. Wafanyabiashara wa kale waliouziwa pairiti wakidhani ni dhahabu walikosea, na kosa lao halitegemei kura ya mtu yeyote.

Sayari haina kitu kinacholingana na namba atomia. Mirihi ni mwamba na chuma, Mshtarii sehemu kubwa ni haidrojeni na heli, Neptuni imejaa maji, amonia na methani zilizobanwa kwa shinikizo kali. Kwa mada zilizoziunda, Dunia inafanana zaidi na asteroidi Vesta kuliko inavyofanana na Zohali. Kama kuna kitu kinachozifanya sayari kuwa aina moja, hakimo katika mada. Wanaobaki na matumaini ya dhati ya sayari hukitafuta katika umbo, na hapo ndipo sifa ya pili ya azimio la Prague inapoingia.

Sifa ya umbo la tufe ina mvuto wa haki. Jiwe dogo hushika umbo lolote kwa sababu uimara wa mada yake unaushinda uvutano wake. Tungamo likiongezeka, hufika mahali uvutano unashinda: milima hushuka, mada nzito huzama katikati, joto hunaswa ndani, na gimba huanza kuwa na jiolojia. Badiliko hili ni la ndani na lina sababu inayoeleweka. Lakini halina mstari. Mimas, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 396 hivi, ni mviringo. Proteus, mwezi wa Neptuni ulio mkubwa kidogo kuliko Mimas, hauna umbo la tufe. Vesta, yenye kilomita zipatazo 525, ina nundu na kovu kubwa la kugongwa upande wa kusini. Barafu hunyumbulika mapema kuliko mwamba, na gimba lenye joto mapema kuliko lililopoa. Hata masharti yenyewe yakisomwa kwa ukali huleta aibu. Iapetus, mwezi wa Zohali wenye kilomita 1,470 hivi, una umbo linalolingana na gimba linalojizungusha kwa saa 16 hivi, wakati wenyewe hujizungusha mara moja kwa siku 79: umbo lake liliganda zamani na halijarekebishwa na uvutano. Utaridi nayo haiko sawasawa na umbo ambalo mizani ya uvutano ingeipa kwa mzunguko wake wa leo, na hakuna aliyependekeza ivuliwe usayari.

Hili ni tatizo la kale linalohusishwa na Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo: ukiondoa punje moja moja katika fungu la mchanga, ni punje ipi ambayo kuondoka kwake kunalifanya lisiwe fungu tena? Kwa kawaida jibu la watu wa vitendo ni kuweka kiwango cha idadi na kuendelea na kazi. Wanafalsafa hawakubaliani kama ukosefu huo wa mpaka umo katika lugha, katika ujuzi wetu, au katika vitu vyenyewe. Kwa upande wa umbo la tufe inaonekana umo katika vitu: kutoka jiwe la mita kumi hadi Dunia kuna mteremko usio na ngazi.

Sifa ya tatu, ile ya kusafisha ujirani, ndiyo iliyotukanwa zaidi, na kwa sehemu inastahili. Maneno yake ni mabaya. Mshtarii ina asteroidi kwa maelfu zinazosafiri katika obiti yake, mbele na nyuma yake. Dunia nayo inazo chache. Na Pluto hukatiza ndani ya obiti ya Neptuni. Yakisomwa neno kwa neno, hakuna sayari iliyosafisha chochote. Alan Stern, aliyeongoza safari ya chombo cha New Horizons kwenda Pluto, alilirudia hilo mara nyingi. Hata hivyo, wazo lililo nyuma ya maneno hayo ni imara kuliko maneno yenyewe. Wazo ni kwamba baadhi ya magimba yana nguvu ya kutawala eneo lao: vitu vidogo humezwa, hutupwa mbali, au hulazimishwa kufuata mwendo unaoamriwa na gimba kubwa. Hata Pluto yenyewe imefungwa katika mwendo wa Neptuni: kwa kila mizunguko mitatu ya Neptuni, Pluto hufanya miwili, na kwa hiyo hazigongani kamwe.

Steven Soter alipima jambo hili mwaka 2006 kwa kugawa tungamo la kila gimba kwa jumla ya tungamo la vitu vingine vyote vinavyoshiriki ukanda wake. Dunia ilipata mara milioni 1.7 hivi. Neptuni, iliyo miongoni mwa za chini, ilipata mara 24,000 hivi. Ceres ilipata theluthi moja, na Pluto chini ya sehemu moja ya kumi. Kati ya theluthi moja na maelfu hakuna kitu. Pengo hilo halikuchorwa na kamati. Kinadharia mtu anaweza kubuni gimba la katikati ambalo lingezua ubishi wa Eubulides, lakini katika mfumo wa Jua kama ulivyo gimba hilo halipo, na uainishaji hauhitaji kuogopa visa ambavyo maumbile hayakuvileta. Kama neno “kiungo” la Plato lina maana yoyote angani, pengo hili linastahili kuitwa hivyo zaidi kuliko mteremko wa umbo.

Pingamizi zito dhidi ya kigezo hiki ni kwamba kinafanya usayari kuwa jambo la mahali. Kwa kipimo kingine, alichokitoa Jean-Luc Margot mwaka 2015, Mirihi ikihamishiwa kwenye obiti ya Eris, sayari kibete iliyo mbali sana na Jua, haingeweza kuusafisha ukanda wake, na kwa hiyo isingekuwa sayari, ingawa isingepoteza hata kokoto moja. Vilevile Dunia changa, miaka bilioni 4.5 iliyopita, ilikuwa bado inagombana na vipande vilivyoizunguka; haijulikani asubuhi ipi iliamka ikiwa sayari. Wanaosukuma pingamizi hili wanadhani kwamba aina ya kweli lazima iwe ya ndani: dhahabu ni dhahabu popote ipelekwapo.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka. Hakuna anayelalamika kwamba “mwezi”, kwa maana ya gimba linalozunguka sayari, ni aina inayotegemea uhusiano. Mwezi wa Dunia ukiponyoka na kulizunguka Jua peke yake hautakuwa mwezi tena, bila kupoteza kokoto. Na si ajabu. Aina za uhusiano ni halisi na zina kazi katika sayansi: mnyama anaitwa windo au mwindaji kulingana na anayekutana naye. Kosa haliko katika kuifasili sayari kwa uhusiano, liko katika kudhani kwamba fasili ya uhusiano inaifuta ile ya ndani.

Ile ya ndani ina watetezi wenye haja halisi. Mtaalamu wa jiolojia anayesoma picha ambazo New Horizons ilizipiga tarehe 14 Julai 2015, zenye milima ya barafu ya maji, barafuto za naitrojeni na ukungu wa tabaka tabaka, hahitaji kujua nani anatawala ukanda huo. Kwake Pluto inastahili kulinganishwa na Mirihi na Titan. Ganymede, mwezi wa Mshtarii, na Titan zote zina vipenyo vinavyozidi kilomita 5,000, kubwa kuliko Utaridi yenye 4,879. Titan ina angahewa nzito kuliko ya Dunia. Fasili ya kijiofizikia inayotetewa na Stern na wenzake huliita sayari kila gimba la mviringo lisilo nyota, hata likiwa mwezi, na idadi hupita mia moja. Wanaocheka idadi hiyo wanasahau kwamba hakuna anayelalamika nyota kuwa nyingi.

Rasimu ya kwanza ya Prague ilijaribu njia ya kati na ikaonyesha jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. Ingeongeza Ceres, Eris na Charon, na kufanya sayari kuwa 12. Charon, mwezi wa Pluto uliogunduliwa mwaka 1978, iliingizwa kwa sababu kitovu cha tungamo ambacho viwili hivyo vinakizunguka kiko nje ya Pluto, angani. Kwa Dunia na Mwezi, kitovu hicho kiko kilomita 4,700 hivi kutoka katikati ya Dunia, ndani kabisa ya mwamba. Lakini Mwezi unasogea mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Ukiendelea kusogea vya kutosha, kitovu kitatoka nje ya uso wa Dunia, na kwa rasimu ile Mwezi ungekuwa sayari siku hiyo, kwa tofauti ya upana wa kidole. Wajumbe waliikataa.

Mpaka wa juu una ugumu wa namna nyingine, na azimio la 2006 haliugusi kabisa, kwa kuwa linahusu magimba yanayolizunguka Jua tu. Huo ni udhaifu usioteteleka: Aleksander Wolszczan na Dale Frail walikwisha kutangaza mwaka 1992 sayari zinazoizunguka pulsa, aina ya mabaki ya nyota, na mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakaitangaza ile ya nyota 51 Pegasi. Zilizothibitishwa sasa zimepita 5,000. Baadhi ni kubwa mno. Gimba likipita mara 13 hivi ya tungamo la Mshtarii huweza kuyeyunganisha deuteri, aina nzito ya haidrojeni, na wengi huliita kibete kahawia, kitu kati ya sayari na nyota. Wengine wanaona kipimo sahihi ni asili: sayari hujengwa ndani ya kisahani cha gesi na vumbi kinachoizunguka nyota changa, kibete kahawia hutokana na wingu linaloporomoka lenyewe kama nyota. Kripke alishikilia kwamba asili ya kitu ni sehemu ya dhati yake, na kigezo hiki kingempendeza. Shida ni kwamba magimba mawili yanaweza kulingana tungamo, joto na mada huku yakiwa na asili tofauti, na darubini isiweze kuyatenganisha. Tofauti ingekuwepo kweli, lakini neno lisingeweza kutumika.

Kwa hiyo viungo vipo, ila si vya mpangilio mmoja. Utawala wa obiti ni kimoja, jiolojia ni kingine, asili ni cha tatu, na havikati mahali pamoja. Mwanafalsafa John Dupré alitetea msimamo wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1993: njia za kuainisha zinaweza kuwa nyingi na zote zikawa halisi. Hilo halimaanishi kila uainishaji ni sawa na mwingine. Saba za Wayunani ziliungana katika jambo moja, kuonekana zikihama, na kutoka hapo hapakuwa na jingine la kujifunza kuhusu zenyewe. Zilitosha kwa kalenda na kwa ramli. Anayeambiwa kwamba gimba linatawala obiti yake, au kwamba uvutano umelitengeneza, anaweza kukisia mengine mengi na kuyahakiki.

Wala sayansi haikwami kwa kukosa fasili moja. Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1328, aliwapinga wanamantiki waliodai kwamba dhana haipatikani ila kwa fasili. Hoja yake ilikuwa kwamba fasili hutenganisha tu kinachotajwa na kisichotajwa, na kwamba watu wa kila fani wanazijua dhana zao bila kuzifasili. Astronomia ya sayari inamuunga mkono. Kepler alizipata kanuni za mwendo wa sayari, na Le Verrier akapiga hesabu za mahali pa Neptuni hadi Galle akaiona Berlin tarehe 23 Septemba 1846, bila yeyote kuwa na fasili rasmi. Haja ya fasili mwaka 2006 ilitoka ofisini zaidi kuliko maabarani. Gimba lililotangazwa mwaka 2005 na Mike Brown na wenzake, lenye tungamo linaloizidi la Pluto kwa robo hivi, lilikosa jina la kudumu kwa sababu sayari na vitu vidogo vina taratibu tofauti za kupewa majina, na haikujulikana lifuate upi. Baada ya kura likaitwa Eris.

Kura ina uwezo huo: kuamua jina litafuata utaratibu upi na orodha rasmi itaandikwa vipi. Mabunge nayo yamejaribu. Baraza la Wawakilishi la New Mexico lilitamka mwaka 2007 kwamba Pluto ni sayari kila ipitapo juu ya anga la jimbo hilo, na mwaka 2024 Arizona, ambako Clyde Tombaugh aliigundua mwaka 1930, ikaifanya sayari rasmi ya jimbo.

Mwaka huohuo wa 2024, Mkutano Mkuu wa wanaastronomia ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, Margot pamoja na Brett Gladman na Tony Yang walikuwa wamechapisha pendekezo jipya. Sayari ingekuwa gimba linalozunguka nyota moja au zaidi, vibete kahawia au mabaki ya nyota, lenye tungamo kuanzia kilo 10 kwa kipeo cha 23 na lisilozidi mara 13 ya Mshtarii. Umbo la tufe limeachwa, kwa kuwa tungamo hilo hulileta lenyewe. Ujirani umegeuzwa kuwa namba. Nyota nyingine zimeingia. Utaridi inapita kwa zaidi ya mara tatu ya kiwango, Pluto inakosa kwa karibu mara nane, na Titan, inayokifikia kiwango, inabaki nje kwa sababu inaizunguka Zohali. Magimba yanayoelea peke yake kati ya nyota, mengine yenye tungamo kama la Mshtarii, hayamo katika pendekezo hilo, na watafiti wanaendelea kuyaita sayari huru.